Mngurumo Juu ya Sauti Yangu

Hounslow, London

Dada yangu Mize,

Assalaam alaykum. Nimemwomba Bi Zuwena, anayerudi huko Pemba, akukabidhi barua hii mkononi, asimwachie mtu mwengine, na nakuomba uisome peke yako kwanza kabla hujamsomea Mama. Hali zenu hapo Wete vipi? Uvimbe wa miguu ya Mama umepungua? Anakula? Usinijibu "hajambo hajambo" kama ulivyonijibu kwenye simu, maana nilikusikia unavyolimeza neno. Mie mwili ninao, nakwenda kazini na kurudi, lakini moyo umekwisha, Dada. Siku hizi hata nikicheka nacheka kwa adabu tu.

Uliponambia kwamba mwanao Saidi ameleta mkanda wa ile filamu yangu kutoka Unguja, na kwamba Mama amesema anataka kuniona kwenye TV kabla hajafa, ndipo kadi ikaisha, simu ikakatika. Sijui kama ulinisikia. Nilipiga kelele, "Msiuweke! Ngojeni barua!" mpaka watu pale dukani ninapopigia simu wakanigeukia wakidhani nimefiwa. Kama bado hamjauweka, Alhamdulillahi. Kama mmeshauweka, basi soma tu, ujue mlichokiona ni kitu gani.

Nikueleze tangu mwanzo, maana wewe nilikwambia "nimo kwenye filamu" nikaishia hapo, nanyi mkajaza wenyewe kilichobaki.

Unajua kazi yangu ni kusafisha ndege hapa uwanjani, na Jumapili nasomesha karate watoto wa kwetu kwenye ukumbi wa kukodi. Nawasomesha kwa Kiswahili, wananijibu kwa Kiingereza, lakini wanasimama sawa, na hilo likinitosha. Siku moja tulikwenda kwenye mashindano, bwana mmoja wa Kizungu akawa ananitazama tangu tulipoanza mpaka tunafunga mabegi. Akaja akanambia yeye ndiye anayepanga mapigano kwenye filamu, na wanamtafuta mtu mweusi anayejua kupigana kweli. Filamu inatokana na gemu, lile la kupigana watu wawili wawili ambalo kina Saidi wanalicheza pale kibandani sokoni. Humo mna Mjapani, Mchina, Mrusi, bibi mmoja wa Kibrazili, na Mwafrika mmoja tu. Mwafrika huyo anaitwa Zongoro, jina lisilo la kabila lolote ninalolijua. Mie ndiye nikawa Zongoro.

Nilifurahi, sitakudanganya. Nikasema moyoni, pengine wakili wangu atawaonyesha wale wa uhamiaji kwamba huyu mtu ana faida katika nchi, mpeni karatasi zake aende kwao akamwone mama yake. Hilo ndilo lililonipeleka, wala si umaarufu. Wewe unajua nilivyoondoka siku zile za vurugu. Mjomba alikuja kunichukua na nguo nilizovaa, na Mama yuko Chake mazikoni, hana khabari. Mtu wa kwetu akienda Unguja siku mbili tu humshika mama yake mkono akamwambia niwie radhi. Mie nimekuja Ulaya bila ya kuaga. Na simu Mama haitaki, anasema sauti isiyo na uso si mtu. Basi miaka yote hii nakaa huku sina radhi ya mama yangu, na hiyo ndiyo inayoninyima usingizi, wala si baridi.

Studio yenyewe ni ghala kubwa nje ya mji. Ndani wamejenga pango la mbao na majabali ya povu, ukiyaegemea yanabonyea. Mbele ya dairekta pamewekwa TV na mashine ya gemu, na bwana mmoja kaajiriwa, Dada, kaajiriwa kwa mshahara, acheze gemu kutwa huku akinitazama mie! Nikirusha teke, naye anambonyeza Zongoro wake, anatazama kule, ananitazama mie, kisha anatikisa kichwa. "Mguu wa kushoto ndio unaoanza." "Hapo anazunguka mara tatu hewani." Nikamuuliza, mwanaadamu gani anayezunguka mara tatu hewani akashukia kisigino? Akanionyesha kwenye TV. Basi nikafungwa waya kiunoni, nikavutwa juu, nikazungushwa, nikaachiwa. Nyonga ya kulia mpaka leo hainipi raha. Nasali nimekaa kitini kama mzee.

Lakini si hilo lililoniumiza. Kwenye karate, kabla hujapiga, unasimama wima, unainamisha kichwa kumpa heshima mwenzio. Wenzangu wote waliachiwa wafanye hivyo, Mjapani, Mchina, hata Mrusi. Mie nikaambiwa nipinde mgongo, mikono ining'inie, na pua niifanye kama nanusa. Nikamwendea yule bwana wa mapigano, nikamwambia, "Bwana, mie ni mwalimu." Akanishika bega, maskini, akasema, "Najua, Hamad. Lakini wanaonunua gemu wanamjua hivyo." Nikarudi nikapinda mgongo. Nikavaa na ile nguo yao, kitambaa cha madoa ya chui kisichofika magotini, na mkufu wa meno ya plastiki. Wewe unamjua Mama kuhusu nguo ya mwanamme. Sasa unaona kwa nini nilipiga kelele dukani.

Zongoro anakufa, Dada. Anakufa mapema sana, ili watu wamwogope yule adui mkubwa. Ananyanyuliwa, anatupwa kwenye majabali, kamera inamjia usoni, hapo anasema maneno yake ya mwisho. Siku ya kufa kwangu dairekta aliniita pembeni, mtu mpole, akanambia, "Sema kwa lugha yako. Lolote wanalosema watu wa kwenu wakati wa kufa. Hakuna atakayefahamu, sema tu kwa moyo."

Yarabi! Wanalosema watu wa kwetu wakati wa kufa si unalijua? Nitalisemaje neno hilo la shahada kwa mchezo, uchi wa mapaja, mbele ya kamera? Nililala pale juu ya povu, wamenipaka matope usoni, taa zinanichoma macho, na watu wote wananingoja mie. Kisha likanitoka lenyewe. Nikasema, "Mama, niwie radhi. Mama, niwie radhi, sikukuaga."

Wallahi sikuwa naigiza. Nilimuona Mama mbele yangu na kanga yake ya kufungia kichwa. Machozi yalinitoka, nikasahau nyonga, nikasahau meno ya plastiki. Yule bibi anayetupaka rangi alikuwa anajifuta macho, na wala hakufahamu hata neno moja. Nikahisi kama nimetua mzigo. Nilisema moyoni, Mwenyezi Mungu amesikia, na huu mkanda utafika Pemba, na Mama atasikia.

Kisha dairekta akasema, "Safi sana. Tena."

Taa moja ilikuwa imekosea. Nikasema tena. Halafu kamera ikasogezwa, nikasema tena. Halafu tope lilikuwa limekauka, wakanipaka jengine, nikasema tena. Nimemwomba Mama radhi, Dada, mpaka maneno yakawa makavu mdomoni, kama mtu anayehesabu mikungu ya ndizi. Mwisho nilikuwa namwomba radhi huku nawaza kama basi la kurudi nitaliwahi. Mtu anamwomba mama yake radhi hivyo?

Filamu ilipotoka nilikwenda kuitazama na Bahati, yule Mkongo ninayekaa naye chumba kimoja, nilikwambia khabari zake, mtu wa Bukavu, anasafisha maofisi. Kavaa suti, anasema anakwenda kumwona nduguye. Tulikaa. Nikapita pale nimepinda mgongo, nanusa, na vijana nyuma yetu wanashangilia jina la Zongoro. Nikanyanyuliwa, nikatupwa, uso wangu ukajaa ukuta mzima. Midomo yangu ikaanza kucheza, nami nikashika mkono wa kiti.

Ukatoka mngurumo. Mngurumo wa mnyama, mrefu, mpaka nikafa.

Bahati akanigeukia. "Ndugu yangu, ile sauti haiko ya kwako."

Nilikwenda kumuuliza yule bwana wa mapigano. Hakunificha. Alisema katika gemu Zongoro akifa hunguruma, kila mtoto anaujua mngurumo ule, na wenye gemu waliposikia maneno yangu walisema haya si yake. Wakauchukua mngurumo ule ule wa kwenye gemu, alioufanya mtu mmoja kwenye kijichumba chake, Mungu anajua wapi, wakauweka juu yangu. Sauti yangu je? Akanyanyua mabega. Wameifuta, au imo kwenye sanduku fulani, hajui. Uso wameuacha kwa sababu machozi yalikuwa mazuri. Alisema hivyo hivyo, "mazuri".

Na jengine linalonitafuna ni hili. Sijui uso walioutia ni upi. Nimerudi kuitazama peke yangu, nikajikazia macho kama namtazama mtu mwengine, nijue kama ni mara ile ya kwanza niliyoomba kweli, au ni mojawapo ya zile za kuwaza basi. Siwezi kujua. Mie mwenyewe mwenye uso siwezi kujua.

Wakili nimemwendea baada ya simu yako. Nikamwambia mama yangu hanyanyuki kitandani, nipeni wiki moja tu niende nirudi. Akavua miwani. "Ukipanda ndege, Hamad, kesi umeifuta mwenyewe, na kule sijui watakupokea vipi." Filamu alikuwa hata hajaitia kwenye faili, alisema haisaidii kitu. Mpaka lini? Hajui. Nimetoka pale nikakaa kituoni, mabasi yanapita, naacha moja, naacha jengine. Dada, nimechoka. Nimechoka kuwa hai kwa mbali. Naogopa kwamba Mama atakwenda na mie nimekaa kwenye kituo cha basi, na sina la kufanya, hata kidogo.

Watoto wa Jumapili sijawasomesha tena. Wazee wao wananipigia simu, nasema nyonga.

Sasa nisikilize. Mama akitaka kuniona, sitamzuilia. Lakini msianze mwanzo. Saidi aupeleke mkanda mbele, apite kote nilikopinda mgongo na ile nguo ya chui, mpaka anapotupwa Zongoro kwenye majabali. Asimamishe hapo. Ndipo umlete Mama, au uisogeze TV kitandani kwake, umuwekee mito akae vizuri. Watoto na majirani watoke nje, hata wakinuna. Kisha uzime sauti kabisa. Kabisa, isitoke hata chembe. Uso wangu utatokea peke yake, mapaja hayaonekani, nina tope kwenye kipaji cha uso. Midomo yangu ikianza kucheza, wewe Mize usogee sikioni kwake useme taratibu, "Mama, niwie radhi. Mama, niwie radhi, sikukuaga." Ndivyo nilivyosema. Ukitazama midomo utaona yanaingia. Halafu mzime TV kabla sijafumba macho, asinione nakufa.

Useme mara moja tu, Dada. Hata akikwambia hakusikia vizuri, usirudie. Mwambie tu kwamba ni mie.

Nisalimie shemegi Faki, mwambie ile dawa ya mgongo nimempa Bi Zuwena amletee. Msalimie mjomba Khatib, aliyenitoa siku ile, mwambie sina kinyongo naye, aliniokoa roho na ninalijua hilo. Bi Time jirani, anayemkandia Mama miguu kila siku, mwambie sijui nimlipe nini, Mungu ndiye atakayemlipa. Saidi mbusu, na mwambie asinichukie kwa kumharibia filamu yake mbele ya wenzake.

Sasa lile ninalolitaka kwako, na baada ya hili sitakusumbua tena. Ukishayasema maneno yale, nyamaza, umtazame Mama. Akijibu, niandikie neno lake lilivyo, hata kama ni kali, hata kama ni nusu ya neno. Na akinyamaza, niandikie kwamba amenyamaza. Nakujua, Dada, unanipenda, utataka kunipoza. Usinitungie. Usiniandikie kwamba amesema "nimekuwia radhi, mwanangu" kama hakusema. Mie nimeshawekewa sauti isiyokuwa yangu, na kila nikifumba macho naisikia. Mama msimuwekee.

Mdogo wako,
Hamad