Mita Inazunguka, Bomba Limefungwa

Jumatatu, 4 Machi

Nisamehe, shajara yangu. Nimekutupa tangu mtoto aanze kuota meno. Ananing'ang'ania kama kupe, na mimi nampenda hivyohivyo.

Habari yenyewe: nimefaulu mtihani wa wakaguzi wa upotevu wa maji! Bado ukaguzi mmoja wa vitendo, mkufunzi auidhinishe, halafu cheti. Nimepangiwa mji wetu wenyewe. Hapa theluthi ya maji yanayotoka mtamboni, yanakosafishwa, hayaonekani kwenye mita za wateja. Bosi wa usambazaji anasema yanaibwa na watu wa kule bondeni. Mwezi uliopita akawafungia bomba, mtaa mzima, akapitisha na gari la matangazo likiwaita wezi.

Mama mkwe anakaa huko. Akinipigia simu anaanza: mwanangu, hapa anaongea mwizi.

Jumatano, 6 Machi



Nilikwenda mtamboni, mtoto mgongoni, maana yaya hakuja. Bomba la kwenda mjini lilikuwa limefungwa, mafundi wanabadilisha kiungo kilichopasuka. Nikapita kwenye mita kuu kuhakikisha tu kwamba imesimama.

Haikusimama! Inazunguka kama feni!

Nikadhani ni macho yangu, usingizi sina. Nikafuta kioo kwa upindo wa kanga. Inazunguka! Sasa maji yanakwenda wapi?

Fundi wa mtambo akacheka. Wanaosha machujio, mama. Maji safi yanapita kwenye mita, yanakata kona kabla ya valvu ya mjini, yanarudi kusafisha mchanga wa machujio, yanaishia mtaroni. Karibu kila siku. Yeye alidhani ofisini wanayatoa kwenye hesabu. Ofisini wanadhani mita iko baada ya kona, maji ya kuoshea hayaipiti.

Maji yanahesabiwa yameibwa mjini — na hata getini hayajatoka! Ni kiasi gani, sijui. Labda yote, labda nusu. Lakini hakuna aliyejisumbua kujua.

Alhamisi, 7 Machi

Nimemwambia bosi. Akainuka, akafunga mlango. Dada, ripoti ya wizi iende kama ilivyo, watu tumeshawafungia, leo tutawaambia nini? Tena mita hiyo mwaka jana aliipitisha mkufunzi wako.

Mkufunzi wangu! Yeye aliyetukaririsha: fuata bomba kwa miguu yako, ndipo uiamini mita. Nikampigia. Akasema: mvua ilikuwa kubwa siku ile, sikushuka kwenye gari.

Hakushuka kwenye gari!

Akaniambia nisaini tu, nichukue cheti, tutarekebisha mwakani. Mwakani! Nikakata simu bila hata kuaga. Mimi!

Jioni nikampelekea mama mkwe madumu ya maji. Mkono ameufunga kitambaa, aliteleza akipanda mlima na ndoo. Hakuniambia siku zote hizo. Akaniuliza: mwanangu, wewe si ndiye mkaguzi, mwizi umemwona? Nikajifanya nambembeleza mtoto.

Ijumaa, 8 Machi

Sijasaini.

Mume wangu kasema kwa upole: umesoma na mtoto kifuani, mke wangu, cheti usikitupe. Nikamwambia nakitaka, tena sana, lakini sikichukui kwa kumkanyaga mama yako. Akambeba mtoto nifanye kazi.

Bosi kapiga simu, anafoka: kwani wewe unataka nini? Nikamtajia kimoja kimoja, sauti yangu mwenyewe sikuitambua. Hadi sasa ameleta mchoro wa mabomba ya mtamboni, basi. Kona imo, imechorwa kabisa!

Bado nataka niletewe: saa za kuosha machujio, mwaka mzima, si mwezi mmoja. Majibu ya kuipima mita upya, bomba la mjini likiwa limefungwa, nami nikiwepo. Maelezo ya mkufunzi kwamba hakushuka kwenye gari, kwa mwandiko wake. Amri ya kuwafungulia bondeni, yenye muhuri. Na lile gari la matangazo lililopita mtaani likiwaita wezi — lipite tena, kipaza sauti kilekile, polepole, lisimame kila kona.