Kiko cha Marehemu Mzee Haule

Jumamosi, saa tisa alasiri. Mvua ilianza kabla ya adhana ya alfajiri na mpaka sasa haijapumzika. Uani kwetu hapa Temeke maji yamefika kizingitini, na mimi nimekaa na daftari hili kwa sababu sina mtu mwingine wa kumwambia haya kwanza.

Pua yangu imekufa.

Haya, nimeshaandika. Tangu ile homa iliyonilaza wiki tatu zilizopita, sisikii harufu yoyote. Nimejaribu kitunguu, nimejaribu mafuta ya taa, jana nimenusa hata viatu vyangu mwenyewe nikiwa nimejifungia chooni. Hakuna kitu. Nimemficha kila mtu, hata mke wangu Zena, maana mimi kazi yangu ni pua.

Miaka kumi na tisa nilichanganya tumbaku kwenye duka la Mgoa mmoja kule mjini. Jengo lilipotaifishwa, akafunga, akaondoka, nami nikahamishia meza yangu hapa kibarazani. Makopo ya tumbaku ya kutoka nje siku hizi hayaonekani, kwa hiyo hata wakubwa wa maofisini wanakuja Temeke kwangu na viko vyao. Nawachanganyia majani yetu. Tumbaku ya Urambo ni laini na ina utamu, inataka kiko chembamba chenye tundu refu, iungue polepole isichome ulimi. Ya Songea imekaushwa kwa moshi na ni kali, inataka kiko kinene cha mpingo chenye tundu dogo, maana mivuto michache inatosha. Na kiko kikishazoea tumbaku moja usikibadilishie, kwa sababu kinatunza harufu. Hata baada ya miaka kumi, ukiingiza pua kwenye lile tundu unajua mwenye kiko alikuwa anavuta nini.

Mimi nilikuwa najua.

Leo saa nne amekuja kijana mmoja wa miaka thelathini na kitu, anaitwa Haule, karani, anakaa Kinondoni. Akatoa leso mfukoni, ndani yake kiko. Ni cha baba yake, na kesho ndiyo arobaini yake. Mama yake haoni, macho yalishakufa zamani, na tangu mazishi anasema nyumba haina mtu kwa sababu haina ile harufu. Tumbaku ya mzee ilikwisha, na hakuna anayejua alikuwa anachanganya nini. Kesho baada ya misa wanataka kukiwasha sebuleni, mama akiwa amekaa kwenye kiti chake.

"Wameniambia wewe mzee ukinusa tu unajua," akasema. "Nakuomba uninusie, baba."

Nikanusa. Nilifumba macho, nikanusa kwa madaha, nikatikisa kichwa taratibu. Ilikuwa sawasawa na kunusa hewa. Yule kijana akawa ananieleza habari za baba yake, sijui alifanya kazi kwenye mabohari ya Unguja ujanani, sijui alipenda kahawa chungu, na mimi simsikilizi, natafuta pa kutokea. Kiko kilikuwa kinene, cha mpingo, tundu dogo. Halafu jina lenyewe, Haule. Mtu wa Songea huyo, atavuta nini kingine?

"Songea tupu," nikamwambia, kwa sauti ile ya kifundi.

Kidogo alie kwa furaha. Hapo ndipo nikafanya la pili, baya kuliko la kwanza. Ili nionekane fundi kwelikweli, nikachukua kisu nikakikwangua kiko ndani mpaka mti ukang'aa, masizi yote nikayamwaga kwenye gazeti. Nikakijaza Songea, nikakifunga kwenye leso yake. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akatoka kwenye mvua ile ile.

Zena alirudi saa saba kutoka foleni ya sukari, ameloa chapachapa. Hata kanga hajakamua, akasimama mezani.

"Nani kakuletea karafuu?"

Nikamwambia hapa hakuna karafuu. Akainama kwenye gazeti, akachota masizi kwa ncha za vidole. Mke wangu kazaliwa Unguja, utoto wake wote alikuwa anaanika karafuu juani.

"Karafuu hii, na tumbaku laini. Ina maana wewe hujaisikia?"

Akavuta kigoda akakaa.

"Juzi maharage yaliungua mpaka jirani akapiga hodi, na wewe umekaa pembeni ya jiko unasoma gazeti. Mie nilijua siku hiyo hiyo. Nilikuwa nakungoja useme mwenyewe."

Nimelia, daftari. Nina miaka hamsini na saba na nimelia mbele ya mke wangu.

Mabohari ya Unguja! Yule kijana aliniambia kwa mdomo wake. Kumbe mzee alikuwa anavuta Urambo kwa karafuu, tena kwenye kiko cha kuvutia Songea, kinyume cha kila nilichowafundisha watu, na amezeeka nacho salama. Na kesho mama asiyeona atakaa kumngoja mumewe, atakayeingia ni moshi wa mtu asiyemjua. Kiko kikishawashwa na ile Songea, basi tena. Masizi haya ndiyo yote yaliyobaki ya harufu ya Mzee Haule hapa duniani, na niliyakwangua mimi, kwa majivuno.

Zena ameyatia kwenye kikopo kitupu cha mafuta ya mgando, akafunika. Halafu tumekaa wote wawili mezani. Mimi nikakata Urambo, yeye akatwanga karafuu zake za jikoni, ananusa, anasema ongeza, anasema punguza. Mara ya nne alifumba macho akanusa tena. "Bado," akasema, "lakini ndiyo njia yake." Nimeifunga hivyo hivyo.

Tunakwenda Kinondoni sasa hivi. Nyumba siijui, najua tu iko jirani na kanisa, tutauliza. Nitamwambia yule kijana ukweli wote, pua na kisu, mama yake akisikia. Baada ya hapo sidhani kama kuna mtu ataniletea kiko tena, na sijui nitaitwa fundi wa nini.

Mama Haule anamlilia mume aliyeondoka. Mke wangu mimi yupo, amesimama mlangoni na mwavuli, ananihimiza. Miaka thelathini nimelala ubavuni kwake. Ananukiaje Zena? Nimeweka kalamu chini mara mbili nikijaribu kukumbuka, na sikumbuki.