Somo Alilolimaliza Mzee Chaki

Mdogo wangu mpendwa,

Kuna jambo nimekuficha tangu uliponyimwa shahada yako, na nimeshika kalamu ili nilitoe kabla hujapanda basi kuja kunichukua. Lakini salamu kwanza, maana mama alitulea hivyo. Hujambo? Mgongo umetulia, au bado unakusumbua ukiinamia cherehani? Na mpwa wangu, hajambo? Mimi sijambo ya kusema tu. Miguu imekufa ganzi hadi magotini. Muuguzi akinikanda lazima niitazame mikono yake ndipo nijue amefika wapi. Daktari ameacha kunibadilishia dawa. Nilipomuuliza maana yake nini, alisema nile ninachopenda. Nikaelewa. Sikuogopa wala sikuhuzunika. Nilimwomba tu anifungulie dirisha.

Simu yako ilinifurahisha, au nadhani hivyo ndivyo ilivyopaswa kuwa. Ulisema chumba cha nyuma umekipaka rangi, cherehani zote umezihamishia dukani, na kwamba nikileta ubishi utanibeba mgongoni kama furushi la sare za shule. Muuguzi alisikia, akacheka hadi akaketi. Kisha ukanieleza kwamba mpwa wangu amegundua chuo sasa kinawaruhusu wanafunzi wa zamani kurudi kukamilisha sharti lililobaki, naye amekubembeleza ujaribu. Ukasema umemjibu kuwa heri ushone vifungo hadi upofuke kuliko kubisha mlango ambao Mzee Chaki alikufungia. Neno hilo ndilo limeniketisha hapa.

Masharti ya ile shahada ya elimu unayakumbuka kuliko mimi niliyesaidia kuyaandika. Saikolojia ya mtoto ulifaulu. Falsafa ya elimu uliipita huku ukiitukana. Upimaji na mitaala ulikuwa ukiwafundisha wenzako kwenye ngazi za bweni. Likabaki zoezi la kufundisha, na ndani yake lile somo la mwisho: mwanafunzi afundishe kuanzia kengele hadi kengele, mtathmini akae dawati la nyuma, asitamke neno. Mtathmini wako alikuwa Mzee Chaki, mwalimu mwenzangu ambaye mifuko ya koti lake ilikuwa myeupe hata siku za likizo.

Katikati ya somo la hesabu za sehemu, mtoto wa dawati la mbele alianguka kwa kifafa. Ukamlaza ubavu hadi akatulia, ukambeba, ukatoka naye mbio kwenda zahanati. Hayo unayajua. Usichokijua ni kilichotokea nyuma yako, alichonisimulia Mzee Chaki mwenyewe ofisini. Alisema darasa zima lilikuwa linalia. Akasimama kutoka dawati la nyuma, akawauliza mwalimu wao alikuwa amefikia wapi, nao wakamwonyesha lile chungwa ulilolichora ubaoni. Akaendelea kulikata vipande hadi kengele ikalia. Watoto walimkosoa sana, wakamwambia mwalimu wao hachori ovyo hivyo. Alisema tangu aanze kazi hajawahi kusahihishwa na watu wenye kamasi, na kwamba walikuwa sahihi.

Baada ya kikao cha idara nilikuja bwenini kwako. Nilikwambia Mzee Chaki amekataa katakata, eti uliacha darasa, na kwamba nimekutetea hadi sauti imekauka. Ukanishika mikono ukanishukuru. Ulitakiwa kurudia mwaka mzima, nawe ulikuwa na mimba ya mpwa wangu, ukafungasha vitu vyako.

Halafu Mzee Chaki akaja dukani kwako na kitambaa cha koti. Ulinisimulia mwenyewe, kwa fahari, kwamba ulimwambia cherehani yako nayo ina masharti yake, na yeye hajayatimiza. Ulisema alikunja kitambaa, akauliza kama yule mtoto wa kifafa alikua, ukamjibu hakimhusu. Alipofariki ulikataa kuja kuzika. Mimi nilikwenda. Nilisoma wasifu wake mbele ya watu, bila kukwama popote.

Nisalimie majirani, na fundi aliyepaka chumba. Mwambie mpwa wangu yuko sahihi: nenda chuoni, mlango hauna mtu. Nawe soma barua hii hadi mwisho kabla ya kukata tiketi. Ukiona usije, chumba mpe mwingine. Muuguzi ni mwema, na mimi sihisi baridi. Nakutakia afya na macho mazuri.

Nimemaliza salamu na bado sijasema. Mwezi ule kiti cha mkuu wa idara kilikuwa wazi, na watu walikuwa wananitaja. Mzee Chaki aliingia kikaoni akasema umefaulu. Alikiri kwamba yeye ndiye aliyevunja sharti kwa kufungua mdomo, akaomba aadhibiwe yeye. Akasema kama anayeacha ubao amwokoe mtoto si mwalimu, basi tufunge chuo tufuge kuku. Wote walicheka, wote walikubali. Mmoja akatania kwamba bila shaka mkuu mtarajiwa hatamwangusha dada yake. Mwenyekiti akauliza, kwa kutimiza utaratibu tu, kama kuna anayepinga. Nilitazama birika la chai. Sikuwa na hasira nawe, sikuwa na chochote. Nikanyoosha mkono kama mtoto darasani, nikasema somo lililomalizwa na mtathmini si somo, nao wakaona aibu kunipinga juu ya ndugu yangu mwenyewe. Kisha nikamfuata Mzee Chaki kwenye korido nikamwomba, kwa ajili ya amani ya nyumbani kwetu, akubali kubeba lawama. Akakubali. Mtu mmoja tu alikukataa, mdogo wangu, naye ni

kaka yako.