Fimbo ya Mzee

Jumapili, 1 Juni 2008
Leo tena Baba hajauminya ule mpira wa mazoezi. Wiki ya tatu tangu tumtoe hospitali alikolazwa kwa kiharusi, na mkono wa kulia umelala tu mapajani. Mtaalamu wa mazoezi alisema usipotumika sasa utakauka hivyohivyo. Kauli hiyo inanikosesha raha. Mkongojo kaukataa. Uji anausukuma kando. Anachoangalia ni bwawa letu tu, kule chini ya shamba la kahawa, perege wakiruka.

Nimepata wazo — akavue!

Jumatatu, 2 Juni
Mwanzi wake wa zamani wa kuvulia una futi kumi na mbili, shinani mzito kama mchi. Mkono ule hauuwezi. Futi tano? Mwepesi, ila hautavuka matete. Labda nane. Na ugumu je? Mwenyewe alinifundisha nikiwa mdogo: fimbo ngumu yote inachana mdomo wa perege, maana ni mwembamba, inayolegea yote haimtoi majini. Shina gumu, ncha laini. Nikikosea, samaki wa kwanza akaponyoka, Baba hatashika tena. Namjua.

Nimemtumia meseji Aziz wa malori, kila siku yuko Nakonde, ng'ambo ya mpaka: "Ninunulie fimbo ya mzee. Ndefu, nyepesi, ncha laini." Kajibu: poa dada.

Baba sijamwambia. Iwe sapraizi.

Alhamisi, 5 Juni
Mungu wangu. Mzigo umeletwa nikiwa shambani, Baba kaufungua mwenyewe. Mkongojo! Mrefu, mwepesi, chini una raba laini. Nimempigia Aziz. Kashangaa, si ndiyo fimbo ya mzee? Neno "kuvulia" sikuliandika. Mimi mjinga gani!

Baba kasema kitu kimoja tu: "Kumbe na wewe umeshakata tamaa, Imelda."

Nimejieleza mpaka sauti imekauka. Kageukia ukutani.

Ijumaa, 6 Juni
Hajala.

Jumamosi, 7 Juni
Nimechukua msumeno na ule mwanzi wake. Sikuwa na akili sawasawa — nikaanzia kwenye ncha, maana kwembamba ndiko kunakatika upesi. Nyuma yangu nikasikia: "Unakata wapi wewe?"

Baba, kashikilia fremu ya mlango! Akasema ncha ndiyo fimbo yenyewe, nikiikata nitabaki na mti wa kufungia mbuzi. Nikate shinani. Kanipimia kwa macho, futi nane. Halafu akataka aushike. Kwa kulia. Vidole vimefunga — nusu.

Jumapili, 8 Juni, saa nne asubuhi
Kanisani hatujaenda. Naandikia hapa bwawani. Baba kashuka na mkongojo. Nikadhani kaukubali. Wapi! Kafika, kaukita matopeni, kaegemeza mwanzi kwenye kishikio chake, kakaa juu ya ndoo. Mkono wa kulia uko kwenye shina. Nilitaka nikae karibu. Kasema natisha samaki. Niko hatua sita. Tope linateleza.

Ncha imeinama kidogo. Tena. Nimemwambia avute. Kasema taratibu, tusimchane mdomo.

Anasimama! Mkongojo uko palepale, hajaugusa, mikono yote miwili kwenye mwanzi, goti la kulia linatetemeka. Nikikimbia kumshika, ataona ni yaleyale ya Alhamisi. Nisipokimbia —