Viatu vya Babu Yako

Mjukuu wangu, mke mwenzangu,

Mvua imekatika. Babu yako siku hizi analalia mito mitatu, eti atazame mawingu dirishani, na mimi humwona kama anaelea nayo. Viatu vyake havifungiki kamba. "Vimezeeka vikasinyaa kama mimi," anatania.

Kule zahanati nilikufundisha kuanza uchunguzi na viatu vya mgonjwa. Jana mchana, alipopitiwa na usingizi, nilimbonyeza kifundo cha mguu; alama ya kidole ikabaki, kama kwenye unga uliokandwa. Nadhani moyo unashindwa kusukuma damu, ndiyo maana maji yanatuama miguuni, na bila ile mito mitatu pumzi humbana.

Hospitali hataki kuisikia. Njoo kesho na viatu vipya, vikubwa kidogo. Akivijaribu, mguu utakuwa mikononi mwako.

Bibi yako, mstaafu aliye zamu