Mkwe Alionja Kwanza

Mama Hilda wangu,

Huko uliko naamini hakuna njaa, kwa hiyo sitakuuliza umekula nini. Mimi ndiye niliyekula, na nimekula kitu ambacho nikikisimulia hapa Mapera watu wananitazama kama mtu aliyetoka kwa mganga. Nimekula samaki mbichi. Sisemi wa moshi uliozimika mapema. Mbichi kabisa, kama alivyotolewa majini. Wewe mwana wa Lituhi, uliyenicheka miaka yote kwamba sisi watu wa milimani tunaogopa samaki hata akiwa amekaushwa, nadhani hapo ulipo umeketi.

Sababu ni mtoto wetu. Hilda amepata mchumba.

Anaitwa Prosper, kwao Moshi, dini yetu, meno yote yapo. Mpaka hapo sikuwa na neno. Kisha nikauliza anafanya kazi gani, Hilda akaniambia yuko kwenye kampuni binafsi inayosafirisha kahawa, na kazi yake ni kuonja. Anakaa mezani, anapewa kijiko cha kahawa, anaivuta kwa mluzi, anaizungusha mdomoni, halafu anaitema. Analipwa mshahara kwa kutema, Mama Hilda! Kahawa yetu, tunayoipalilia mpaka mgongo unasahau kunyooka, yeye anaitema na kwenda kwenye kikombe kinachofuata.

Sasa nikajiuliza, kama baba: mtu aliyezoea kuonja na kutema, binti yangu nitampa vipi?

Unawakumbuka wale wanunuzi wa kwanza, soko lilipoachwa huria. Walipanda huku na magari yanayong'aa, wakanunua kahawa ikiwa bado maua mtini, kwa maneno matamu, na wakati wa kuvuna ulipofika tukawa vibarua kwenye mashamba yetu wenyewe. Ulikuwa bado na nguvu zako. Ulisimama mlangoni na mwiko wa ugali ukaniambia, "Baba Hilda, mtu anayesifia shamba lako kabla hajakaa, usimpe kiti." Sasa huyu kijana, siku ya kwanza niliposhuka basi Dar es Salaam, walikoniita nikamwone, alinipokea mzigo akasema, "Shikamoo baba. Kahawa ya Mapera ni nzuri mno, ina harufu ya maua." Shikamoo ilitangulia, sikatai. Ila sifa ziliifuata mbio mno.

Halafu kijana huyu hali pilipili. Hilda alinieleza kwamba ulimi ndio jembe lake, pilipili inauharibu, siku nzima inayofuata haonji sawasawa. Lakini moyoni nikaandika: mwanamume anayeogopa pilipili.

Jioni wakasema tunakwenda kula mahali pa heshima, Masaki, kwa Wajapani. Mimi nikavaa lile koti ulilonishonea Hilda alipopata Kipaimara, ambalo sasa vifungo vyake havikutani tena na matundu. Na kwa kuwa sikuwa na imani na safari hiyo, nilipita kwanza kwa mama mmoja wa mihogo ya kukaanga nikaweka akiba tumboni. Wasikucheke huko, tahadhari si woga.

Nyumba yenyewe haina hata kibao. Hebu fikiri: wanauza chakula, na hawataki ujue kama wanauza chakula. Ndani hakuna meza, kuna ubao mmoja mrefu mnakaa upande mmoja kama wanakwaya, na mpishi anasimama mbele yenu na kisu. Nikatafuta bei ukutani, hakuna. Nikatafuta moto, hakuna. Kuna mpishi, kuna kisu, na moto hakuna.

"Karatasi ya vyakula iko wapi?" nikamuuliza Hilda.

"Haipo, baba. Hapa huchagui. Mpishi ndiye anachagua. Wanaita omakase."

"Ndiyo nini hiyo?"

Prosper akainama kwa adabu. "Maana yake, baba, ni kama kumwambia mpishi, 'Nakuachia wewe.'"

"Mwanangu," nikasema, "sisi Mbinga tumeshawaachia watu. Tunajua kinachofuata."

Hilda akanikanyaga mguu. Amekurithi kisigino.

Basi mpishi akaanza. Akachota wali kidogo, akauminya kiganjani mara moja, mara ya pili, akapaka kitu cha kijani, akalaza juu kipande cha jodari chekundu kama ini, akaniwekea mbele. Ni tonge, Mama Hilda! Watu wazima tumevaa makoti, tumekaa mstari, tunamegewa matonge na mwanamume mwenzetu. Tangu mama yangu aache kunimegea, aliyewahi kunipa tonge ni wewe peke yako, ile siku nilipovunjika mkono kwenye ngoro. Wewe na hizo ngoro zetu! Nakumbuka ulipopanda huku mara ya kwanza ukaona mashamba yetu ya mashimo yamejipanga mlima mzima, ukaniuliza kwa sauti ndogo, "Hawa watu wenu, wanamchimbia nani makaburi yote haya?"

Nikalitazama lile tonge. Lenyewe likanitazama. Ndipo akanijia baba yako.

Siku uliponiteremsha Lituhi kunionyesha kwenu, mzee aliletewa samaki mbasa mzima wa kuchoma. Mimi kwa haraka ya kutaka kuonekana si mwoga nikanyoosha mkono. Ukanivuta shati kwa nyuma. Mzee akamega ubavuni, akala, akameza, akanywa maji, kisha akasukuma sahani kwangu. "Mwenye nyumba ameonja," akasema. "Mgeni ale kwa amani." Baadaye jikoni ukaninong'oneza kwamba kama ningekula kabla yake, kwenu wangesema sikulelewa, na kama yeye angenipa bila kuonja, ningekuwa na haki ya kuinuka na kuondoka, na posa ingekufa hapohapo.

Kwa hiyo nikalisukuma lile tonge pembeni, taratibu, kama mtu mwenye haki yake.

"Nani mwenyeji hapa?" nikauliza.

"Mimi, baba," akasema Prosper.

"Basi onja."

Mpishi akasimamisha kisu. Dada wa kuhudumia akaja mbio. "Mzee, mpishi anauliza kama kuna tatizo."

"Mwambie tatizo hakuna. Utaratibu upo."

Akamtafsiria, sijui alimwambia nini. Yule Mjapani aliweka kisu chini, akaniinamia mpaka nikaona utosi wake. Hilda alikuwa ameziba uso kwa viganja vyote viwili.

Prosper akalichukua lile tonge. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye koo lake. Kando yake palikuwa na kitambaa kilichokunjwa vizuri, na nilijua kabisa: atazungusha mdomoni, atafuta midomo, atatema humo. Ndiyo kazi yake. Akatia mdomoni. Mara macho yakamtoka. Kumbe kile cha kijani ni kikali kuliko pilipili yoyote ya hapa, kinapanda puani kama haradali iliyokasirika. Uso ukamgeuka rangi, mkono ukakigusa kitambaa. Ukakiacha. Akameza.

"Ni... mzuri, baba. Karibu."

"Mbona unalia?"

"Silii, baba. Ni samaki tu, ni mzuri sana."

Nikamtazama, naye akanitazama na machozi yake. Nikafumba macho, nikasali Baba Yetu mpaka "utuopoe maovuni," nikala. Ladha yake sitakudanganya: ilikuwa baridi, halafu ikawa tamu, halafu ikanipiga puani nikamwona babu yangu. Na kila tonge lililofuata, bila kuambiwa, Prosper alitangulia yeye. Ngisi, pweza, mayai ya samaki yanayopasuka kama lawama. Anaonja, anameza, anasema, "Karibu, baba." Mimi nyuma yake, bado namchunguza.

Tulipotoka nje akaomba radhi, akaenda nyuma ya ukuta. Nikadhani anakwenda haja. Hilda akamfuata. Nikakaa kidogo, kisha shaka ikanisukuma nami nikachungulia. Kijana ameinama, ametoa vyote, tangu jodari mpaka mayai. Hilda amemshikia tai isichafuke, mkono mwingine mgongoni.

"Si nilikwambia usimsikilize baba?"

"Angeniona mwoga."

"Mwoga ni yeye! Amekuja ameshiba mihogo, nimeinusa kwenye koti."

"Nami sijawahi kula humu, Hilda. Huwa nawaleta wageni wa kampuni, wao wanaingia, mimi nabaki nje na dereva. Nilifikiri baba akija, apelekwe wanakopelekwa wakubwa."

Wakacheka, yeye akiwa bado ameinama. Hilda akamfuta mdomo kwa kanga yake, ile yenye maua ya zambarau, bila kukunja uso hata kidogo. Nikarudi nyuma taratibu kabla hawajaniona.

Mama Hilda, nilipokwenda Dar es Salaam nilidhani naitwa kutoa uamuzi. Pale ukutani nikaelewa kwamba uamuzi ulishatolewa zamani, na mimi nilikuwa naagwa kwa heshima. Unajua nilivyokuwa nimepanga. Zahanati ya misheni wanataka muuguzi, Hilda amebakiza muda mfupi amalize masomo yake ya uuguzi, na chumba chake nimekipaka chokaa kwa mkono wangu. Nimekitafutia hata pazia. Kijana wa watu nimemchunguza meno, ulimi, koo na tumbo, wakati kilichokuwa kinanitisha kiko hapa nyumbani, ni hiki kimya.

Asubuhi Hilda aliponisindikiza stendi aliuliza, "Baba, unasemaje?" Nikamwambia bado namtilia shaka, na nitaendelea kumtilia shaka mpaka nizikwe, lakini waje. Akaninyang'anya begi akacheka huku anapangusa macho.

Wanakuja Jumamosi na mshenga wao. Dada yako anapanda kutoka Lituhi kusaidia kupika, na ameshaniagiza nimwandalie kiti kando yangu, kwenye nafasi ya mama wa binti. Nimemjibu atakaa popote anapotaka, ila hapo pana mwenyewe.

Pumzika, mwana wa Lituhi.

Mumeo,
Baba Hilda