Mlinzi Amelala

Gereji, 9 Februari

Mdogo wangu,

Nimekukosea. Naanza na hilo kabla ya salamu, maana nikianza na salamu nitafika mwisho wa karatasi bado nauliza habari za mafua. Sasa ndiyo salamu: hamjambo huko hospitali? Shemeji anaendeleaje na lile taya? Na mpwa wangu, jicho limefunguka? Mimi ni mzima, mzima wa mwili tu.

Najua ulitupa laini ya simu kwa ajili ya wale wanaokupigia kukutukana. Ndiyo maana naandika. Barua nampa dereva wa gari la wagonjwa, yeye atamkabidhi muuguzi wa wodi ya wanaume.

Ni hivi. Sisi watu wa gereji tuna lugha yetu. Kile kidude kinachozuia basi lisipite mwendo wa themanini, vitabuni kinaitwa kidhibiti mwendo. Sisi tunakiita mlinzi. Mlinzi akiwa macho, dereva anaweza kukanyaga mafuta mpaka mguu utokeze chini, basi haliendi. Akizimwa, tunasema amelala.

Siku niliyoitwa mbele ya kamati ya bunge inayochunguza ajali za mabasi, nilivaa koti la kuazima. Ukumbi una zulia, kila kiti kina maikrofoni. Nyuma yangu alikaa bosi, mwenye mabasi, na wakili wake. Mwenyekiti, mama mmoja wa sauti ya chini, akaniuliza: "Fundi, wewe ndiye uliyelitayarisha basi lililopinduka na wewe ndiye uliyekwenda kulivuta. Kwa lugha rahisi, kulitokea nini?"

Nikajibu: "Mheshimiwa, alikuwa amelala."

Nakuapia, nilikuwa namsema mlinzi. Ilinitoka kama inavyonitoka kila siku gereji. Lakini mbunge mmoja alipiga meza maikrofoni zikalia: "Dereva kalala! Kabeba roho za watu, yeye kalala!" Nikafungua mdomo nisahihishe. Wakili akaniwekea mkono begani, taratibu, kama mtu anayetuliza ng'ombe kabla ya kumchinja. Mwenyekiti akauliza, "Una la kuongeza?" Nikasema, "Sina, Mheshimiwa."

Jioni ile redio zote zikatangaza kwamba mumeo alisinzia kwenye usukani. Yaliyokupata kesho yake yametoka kinywani mwangu.

Ni mimi, kaka yako

*

Hospitali, 14 Februari

Kaka,

Salamu zimefika. Umeuliza hali zetu, nakujibu zote, usikwepeshe macho.

Kesho yake ya redio walikuja mchana kweupe. Sikuwajua wote. Mmoja alikuwa fundi cherehani wa pale kona, yule aliyemshonea binti yangu sare ya shule. Mkewe alikufa ndani ya lile basi. Walivunja mlango kwa shoka. Nilidhani wanataka kuiba. Hawakuiba hata kijiko. Walikwenda moja kwa moja chumbani, wakatoa godoro letu, wakaliweka katikati ya njia na kulimwagia petroli. Walikuwa wanaimba, "Alale sasa! Alale sasa!" Mimi nilikuwa sielewi kwa nini godoro. Leo nimejua neno hilo lilianzia wapi.

Niliposimama mlangoni, mwanamke mmoja akanishika nywele akanigonga uso ukutani, mara ya kwanza, mara ya pili, kama anayepasua nazi. Ninakosa meno mawili ya mbele, ukiniona utacheka. Binti yangu alitoka kunivuta. Jiwe lilirushwa. Daktari anasema jicho la kushoto halitaona tena. Anauliza mjomba anakuja lini. Nimemwambia una kazi nyingi.

Mume wangu taya limefungwa kwa waya, anakunywa kwa mrija. Mkono wa kulia ulipondwa kwa chuma cha kiti. Wa kushoto wameufunga pingu kwenye kitanda, na askari anakaa hapo mlangoni anacheza na simu. Wanasema ataondoka hapa kwenda mahakamani kwa kuua abiria. Ushahidi wao mkubwa ni wewe.

Barua yako nimeisoma tena na tena, kuna kitu kinanisumbua. Umeandika "akizimwa" kana kwamba mlinzi hujizima mwenyewe. Hujaniambia nani alimlaza.

Mdogo wako, kwa sasa

*

Gereji, 20 Februari

Mdogo wangu,

Mungu awape nafuu, na binti asamehe kuwa na mjomba kama mimi. Karatasi yako imekaa mfukoni mwa ovaroli mpaka imeingia grisi.

Mimi ndiye niliyemlaza.

Bosi alichoka basi letu kufika la mwisho. Alikuja gereji akasema, "Fundi, haya mabasi yangu yanatembea kama yana mimba. Malizana na hao walinzi." Kwenye kila kidhibiti kuna lakiri ya serikali. Niliilainisha kwa kiberiti, nikaunganisha kipande cha waya mwekundu kukwepa kidude, nikairudisha lakiri kama vile haijaguswa na mtu. Mkaguzi wa barabarani akichungulia anaona muhuri, anatupungia mkono.

Shemeji aligundua siku hiyohiyo. Unajua abiria walivyokuwa wanamwita Kobe, naye anacheka tu. Alinifuata gereji, hakuwa anacheka. Akasema, "Shemeji, mrudishe huyo mlinzi." Nikamwambia, "Kobe, jifunze kukimbia, dunia inakuacha." Akaniambia neno ambalo sasa linanila: "Bosi akinipigia simu njiani anafoka niongeze mwendo, mimi namwambia gari limefungwa, haliendi. Ndiyo ngao yangu hiyo. Umeniondolea ngao, nitamwambia nini?"

Nikampa sigara. Hata havuti.

Siku ya ajali bosi alimpigia simu njia nzima, kondakta aliyenusurika ameniambia. "Najua gari limefunguliwa, usinidanganye! Ukipitwa na wenzako leo, kesho usije!" Tairi la mbele lilipasuka kwenye mwendo ambao basi lile halikupaswa kuujua.

Lakini sijakuandikia haya ili ufikiri nimemaliza. Liko lingine.

Nilifika na gari la kuvuta mapema, moshi bado unatoka. Basi limelala ubavu mtaroni. Ndani watu wanalia, wengine wameshanyamaza. Mkono wa mtu ulikuwa umetokea chini ya bodi, vidole vinafunga na kufungua. Shemeji, watu wa njiani walikuwa wameshamtoa kupitia kioo cha mbele, wamemlaza juu ya lami, wanampiga. Walinyofoa vyuma vya viti. Aliniona. Aliita, "Shemeji! Shemeji, waambie!"

Sikwenda kwake. Niliingia kwa kichwa chini ya usukani, nikachomoa waya wangu mwekundu, nikarudisha nyaya mahali pake, nikawasha kiberiti nibandike lakiri. Ndani ya gari linalovuja mafuta, watu wakiwa hai humo, mimi nikawasha kiberiti. Kila pigo nililisikia. Chuma kikigonga mfupa kina mlio wake, si kama nyama. Nilikuwa nakaza skrubu, na yeye anaita.

Nilipotoka ndipo nikapaza sauti, "Jamani, inatosha!" Ilikuwa imeshatosha. Uso wake ulikuwa kama udongo uliokanyagwa.

Ndiyo maana wataalamu walimkuta mlinzi macho, na lakiri nzima. Waya ninao, nimeuzamisha ndani ya kopo la grisi. Sijui kwa nini sikuutupa.

Kaka yako, kama utakubali kuniita

*

Hospitali, 25 Februari

Kaka,

Sina salamu leo, nisamehe. Nikisema hujambo nitakuwa mnafiki.

Nimemsomea mume wangu barua yako yote, mdomo karibu na sikio lake, askari asisikie. Nilifika kwenye waya mwekundu, akaanza kutikisika. Nikadhani degedege, nikamwita muuguzi. Kumbe anacheka. Anacheka kwa meno yaliyofungwa, mate yanachuruzika. Akasema kwa shida, "Waya huko, waya huku. Kaka yako kaunganisha familia nzima."

Halafu akaniambia kitu alichonificha tangu siku ya kwanza. Anasema akiwa chini, mguu wa mtu kifuani pake, aliona viatu vyako vikitokeza mlango wa basi. Zile buti zenye doa la rangi ya njano. Aliviona vimetulia hapo, vidole vinaangalia juu, muda wote aliokuwa anapigwa. Alijua unafanya nini.

Nikamuuliza, kwa nini hukuwaambia polisi? Akasema, "Ni kaka yako. Nilitaka aseme mwenyewe."

Mimi si mpole kama yeye. Nilitaka kuja hapo gereji na lile shoka walilovunjia mlango wangu, bado liko nyumbani, walilisahau. Jana nilirudi huko, nikakaa nalo magotini siku nzima. Kisha nimeona nikikuua wewe, hakuna atakayebaki anajua kuhusu waya.

Tumesikia redioni kamati inaandika ripoti yake bungeni. Wanataka sheria mpya: madereva walale masaa mengi zaidi, wapimwe macho. Ni vizuri. Lakini hakuna aliyesema watu wapande wafungue hizo lakiri. Basi la asubuhi linapita hapa dirishani, la bosi wako, linapita kama risasi, limejaa. Binti yangu, kwa jicho moja, anawapungia mkono abiria.

Usiniombe msamaha tena. Msamaha wako hauna pa kukaa hapa, kitanda kimejaa. Kaseme palepale uliponyamaza. Usiposema, siku ukisikia kuna msiba kwetu, usije.

Mke wa Kobe

*

Nyumbani kwa mpaka rangi, 12 Machi

Mdogo wangu,

Nimechelewa kujibu, si kwa kusitasita. Hamjambo? Samehe mwandiko, naandikia mkono wa kushoto.

Nilipopata barua yako nilikwenda bungeni kwa miguu yangu, nikamwambia karani wa kamati nataka kurudi mbele ya maikrofoni. Akauliza kuhusu nini. Nikasema, kuhusu neno moja. Kabla sijafika gereji, bosi alikuwa ameshapata habari.

Hakunigusa yeye. Alisimama pembeni anakula karanga. Vijana wake walinikamata, mmoja akaweka mkono wangu wa kulia juu ya jiwe la kukalia jeki, mwingine akashusha nyundo. Mara ya kwanza nilipiga kelele. Nyingine sikumbuki. Kisha wakanitupa kwenye shimo la kukagulia magari, wakaleta basi juu yangu, wakaziba pande zote kwa maturubai na kuwasha injini. Bosi aliinama akasema, "Lala sasa, fundi." Hata yeye anajua lugha yetu.

Moshi ule, mdogo wangu, una ladha ya sarafu. Nilitapika mpaka ikabaki damu. Nililia nikiita, na juu yangu, kwenye upenyo wa turubai, kulikuwa na buti za watu zimetulia, hazisogei. Ndipo nikajua shemeji alikuwa anaangalia nini siku ile.

Aliyenitoa ni mpaka rangi, yule mzee anayepaka mabasi pale gereji. Alikata turubai kwa kisu chake na kunivuta kwa kola, akawaambia wale vijana yeye ni mzee, hana cha kupoteza, waje. Hawakuja. Ananificha kwake, nakohoa masizi. Alirudi gereji kana kwamba anafuata brashi zake, akaniletea kopo la grisi. Waya umo.

Karani ametuma ujumbe. Mwenyekiti amekubali kunisikiliza Alhamisi, tarehe 19 Machi, saa nne asubuhi, kabla ripoti haijasomwa. Ameahidi kutuma gari na askari wake, wasio wa bosi.

Nimekuwa nafanya mazoezi. Mpaka rangi anakaa kwenye ndoo, anajifanya mwenyekiti, ananikatiza kila nikikosea. Sitasema mlinzi. Sitasema amelala. Nitasema: "Dereva hakulala. Alikuwa macho, akaomba, nikamcheka. Kidhibiti mwendo nilikizima mimi, fundi, kwa amri ya mwenye basi, na huu ndio waya." Nitauweka mezani juu ya kitambaa chao cheupe, na grisi yake. Kisha nitawaomba wafungue lakiri za mabasi yake yote siku hiyohiyo, na niwaonyeshe pa kushika. Kutoka hapo nitakwenda polisi bila kusukumwa, na pingu aliyofungwa shemeji wamvue wanifunge mimi.

Alhamisi tarehe 19, saa nne asubuhi, mwombeni muuguzi awashe redio ya wodi. Mkisikia mtu anakohoa kabla ya kuanza, ndiye mimi. Msizime.

Kaka yako